Kioo cha Shahidi

Kusifiwa kwa kitu ambacho hukukifanya ni raha ya dakika mbili. Kusifiwa kwa kitu ulichokiharibu kwa mikono yako mwenyewe ni adhabu, tena sijui kama kuna hakimu aliyewahi kubuni kali kuliko hiyo. Chapchap aliionja Jumatano moja asubuhi kwenye kikao cha madaktari, akiwa amekaa safu ya nyuma karibu na mlango, daftari mapajani.

Mbele, Daktari wa maabara alikuwa ameweka picha ukutani. Bwana mpole, tai yake haijawahi kukaa katikati ya shingo, lakini siku hiyo alikuwa anang'aa. Aliwaeleza wenzake kwamba seli za ini hazikai ovyo kama watu kwenye foleni. Kila moja imemshika jirani yake kwa protini zinazochomoza nje yake, mojawapo ikiitwa kadherini, na ni kwa kushikana huko ndipo ini linapobaki kuwa ini. Saratani ikiingia, seli huanza kuachiana. Na seli iliyomwachia mwenzake haina tena wa kuizuia: inaweza kuhama, ikazama kwenye mshipa wa damu, ikaenda kuanzisha maskani kwingine. Ndiyo maana maabara yake ilikuwa inapaka rangi vipande vya maini ya wagonjwa, vilivyobandikwa juu ya vioo vyembamba vya kutazamia kwa darubini. Palipo na kadherini hugeuka kahawia, pasipo na kitu hubaki peupe. Na katika kundi la mwisho, wagonjwa kumi na wanne, vioo vyote vilikuwa vimetoka vyeupe.

Mtu mmoja akakohoa, akauliza kama rangi yenyewe haikuwa na hitilafu. Daktari alikuwa anangojea swali hilo kwa hamu.

"Shahidi alikuwa safi," alisema. "Kahawia, kama mkate uliookwa vizuri. Fundi wetu yule pale nyuma. Mpeni makofi."

Wakampa. Chapchap akatabasamu, lile tabasamu la mtu aliyekanyagwa kidole na mgeni wa heshima. Alitamani sakafu ipasuke immeze yeye, kiti na daftari lake.

Kisha akasimama mpasuaji, mama mfupi ambaye hana maneno ya kugawa bure. Alisema mgonjwa namba tisa katika kundi hilo ni wa kwake, na amepangwa kupasuliwa Jumatatu. Ana uvimbe mmoja, umekaa pabaya, na tangu mwanzo yeye mwenyewe alikuwa nusu anataka nusu hataki. Kama seli zake zimeshaachiana kiasi hicho, basi kumpasua ni kumtesa tu, na wanaongoja nafasi ile ni wengi. Daktari akajibu kwamba utafiti wake haukukusudiwa kuamua peke yake jambo kama hilo, lakini akiulizwa maoni, naye angesita. Mpasuaji akafungua karatasi yake, akachora mstari juu ya jina. Kutoka safu ya nyuma Chapchap aliiona kalamu ikipita, na hakufungua mdomo.

Sasa tumseme kidogo huyu Chapchap. Sitamtetea, maana hata yeye hajitetei. Alikuwa mama wa watoto wawili, fundi wa vioo kwa miaka kumi na miwili, na tangu miaka miwili iliyopita ndiye mkubwa wa chumba cha rangi. Jina hilo la utani alipewa na aliyemfundisha kazi, fundi mkuu aliyestaafu, ambaye naye watu walimwita Mzee Dakika. Mzee Dakika alikuwa na saa ndogo ya kubonyeza, ameifunga kamba na kuivaa shingoni kama hirizi, na alikuwa na msemo wake mmoja aliousema mara ishirini kwa siku: dakika haina ndugu. Ukimwambia, Mwalimu, imebaki kidogo tu, anakujibu hiyo hiyo. Siku ya kwanza alipomwona binti mpya anashika vioo vitano kwa mkono mmoja ili amalize mapema, alimtazama hadi akaviweka chini, akamwambia, haya, Chapchap, tuanze upya.

Kazi yenyewe si uchawi, ila haitaki mchezo. Kipande cha ini kikishatoka kwa mgonjwa hulowekwa kwenye dawa ya kukihifadhi, na dawa hiyo huzifunga protini zisionekane. Ili zifunguke inabidi vioo vichemshwe ndani ya sufuria ya presha, sufuria kama za jikoni kabisa, kwa dakika ishirini kamili tangu ianze kupiga filimbi. Ukizidisha, nyama inabanduka kwenye kioo. Ukipunguza, protini zinabaki zimejifungia, rangi inapita juu yake kama mgeni aliyebisha hodi asiitikiwe. Kioo kinatoka cheupe hata kama kadherini imejaa tele. Ndiyo sababu kila kundi huchemshwa pamoja na kioo kimoja cha ziada, kipande cha utumbo mzuri usio na ugonjwa, ambacho kinajulikana wazi kwamba kina protini hiyo. Ndicho wanachokiita shahidi. Shahidi akitoka kahawia, wengine wanaaminiwa. Akitoka mweupe, kundi zima linatupwa na kazi inaanza upya, hakuna mjadala.

Wiki tatu kabla ya kikao kile, sufuria ilikuwa juu ya jiko la umeme na filimbi imeanza. Chumbani walikuwamo mafundi wawili vijana na mfagiaji, mama mmoja mcheshi aliyekuwa pale tangu jengo lifunguliwe. Mfagiaji akasema, jamani, chumba hiki kimepoa tangu Mzee Dakika aondoke. Basi! Chapchap hakungoja kuombwa. Aliichukua ile saa, ambayo mzee aliiacha kwenye msumari ukutani alipostaafu, akaivaa shingoni, akajikunja mgongo, akaanza kutembea chumba kizima akichechemea, maana mzee alikuwa na mguu mbovu. Akainusa sufuria kama alivyokuwa anainusa. Akagombana na saa ya ukutani kama alivyokuwa anagombana nayo. Akainua kidole akasema kwa sauti ile ya puani, dakika haina ndugu, mwanangu, hata mama yangu akifufuka leo atangoja zamu yake. Vijana walicheka hadi wakashikana mabega. Mfagiaji alikosa nguvu za miguu, akakalia ndoo yake. Na Chapchap, ambaye kichwa kilishavimba kwa kuchekewa, akaongeza na lingine, na lingine.

Alipomaliza na kuitazama saa iliyokuwa shingoni mwake, ilionyesha sifuri. Alikuwa ameivaa, ameipungia, ameibusu hata, ila hakuibonyeza.

Dakika zimepita ngapi? Hakuna aliyetazama saa ya ukutani filimbi ilipoanza. Mmoja alisema kumi na tano, mwingine akasema hata ishirini imefika. Chapchap akakisia. Kukisia! Neno ambalo Mzee Dakika alikuwa halitaki hata kulisikia chumbani mle. Akaizima sufuria, na jioni, rangi ilipokwisha kukauka, akaviweka vioo chini ya darubini kimoja baada ya kingine. Vyote vyeupe. Cha shahidi nacho cheupe, kama karatasi.

Cha kufanya alikijua kuliko anavyojua njia ya kwao. Aandike daftarini kwamba kundi limeharibika, akate vipande vipya, arudie. Lakini vipande vyenyewe vilikuwa vidogo kama punje ya mchele, kila ukikata unavimaliza, na Daktari atauliza. Na tangu awe mkubwa wa chumba hakuwa ameharibu kundi hata moja, jambo ambalo alikuwa akilitaja yeye mwenyewe, tena mara kwa mara. Kwenye boksi la rafu ya juu alikuwapo shahidi wa wiki iliyopita, kahawia, mzuri wa kupendeza. Chapchap akaubandua mkanda mdogo wa tarehe uliokuwa juu yake, akaandika tarehe mpya, akampachika kwenye trei mahali pa mwenzake. Shahidi wa kweli akamtupa kwenye ndoo ya vioo vilivyovunjika. Ilimchukua dakika moja. Akajiambia kwamba pengine wagonjwa wale kweli hawana kadherini, nani ajuaye, na kwamba ni utafiti tu, karatasi za watu wakubwa, haumfikii mtu yeyote kitandani. Vioo vilikuwa na namba tu, havikuwa na majina.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Hakuna aliyeuliza, hadi Jumatano ile ya makofi.

Kikao kilipokwisha alijikawiza ukumbini karibu saa nzima, kisha akapita njia ya nyuma, kando ya chumba cha mpasuaji, ili asikutane na watu wa kumpongeza. Na pale kwenye benchi la wagonjwa alikuwa amekaa Mzee Dakika.

Alimtambua kwa mguu kwanza, ulionyooshwa mbele kama kawaida yake. Mengine yote yalikuwa yamebadilika. Koti lilimning'inia kana kwamba ameazima kwa mtu mnene, na weupe wa macho ulikuwa umegeuka manjano. Mkewe alikuwa kando yake amekumbatia mfuko wa dawa. Chapchap akainama, akamwamkia, shikamoo Mwalimu, na mzee akaitikia marahaba Chapchap wangu kwa furaha ya kweli, akamsogezea nafasi akae.

Hakutaka kumwambia mtu, alieleza. Fundi wa maabara hapendi kuonekana upande wa pili wa darubini. Alikuwa na uvimbe kwenye ini, walimtoa kipande mwezi uliopita, na alikuwa apasuliwe Jumatatu, mfuko wa nguo umeshafungwa. Lakini ndiyo kwanza ametoka kwa mpasuaji, na mpasuaji amemwambia hapana.

"Ati seli zangu zimeachiana mikono," alisema, akacheka kidogo, kicheko kisichofika mbali. Mkewe hakucheka. Alikuwa anaukunja na kuukunjua ukingo wa ule mfuko.

Namba tisa. Chapchap alitaka kusema kitu, akasema pole, na neno lenyewe likatoka bovu.

Mzee Dakika akamshika kiwiko. Alikuwa na ombi moja. Miaka thelathini na mmoja ametazama maini ya watu, sasa alitaka kulitazama na la kwake. Sheria hairuhusu, anajua, yeye mwenyewe aliwafukuza watu kwa hilo, lakini sheria itamsamehe. Angeanzaje kumkatalia? Wakamwacha mama benchini wakaenda, mzee anachechemea, Chapchap anapunguza mwendo ili amfuate nyuma, na kila hatua ya mguu ule ilimchoma kama sindano, maana aliijua kwa moyo, alikuwa ameifanyia mazoezi.

Akakaa kwenye kigoda chake cha zamani. Akakiweka kioo namba tisa, akainamisha kichwa, akaanza. Mkono wake ulikuwa umebaki mifupa, lakini ulizungusha kile kirungu cha darubini polepole na sawasawa, kama zamani. Alipita katikati ya uvimbe, akasonga pembeni, na pembeni hapo akasimama. Alikaa palepale muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono bila kuinua macho, akaomba shahidi. Chapchap akampa. Akamtazama shahidi, akarudisha namba tisa, akarudi palepale pembeni.

"Hawa wawili," aliuliza, jicho bado kwenye darubini, "walichemshwa sufuria moja?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Siku moja?"

"Siku moja."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati kwa muda mrefu kuliko uchafu ulivyotaka. Alipoinuka aliigusa ile saa kwenye msumari, akaibonyeza ikaanza, akaibonyeza ikasimama, akaiacha. Ahsante mwanangu, alisema, na akamwambia asihangaike kumsindikiza, mkewe anangoja.

Mlango ulipofungwa Chapchap aliweka jicho kwenye darubini, pale pale mzee alipopaacha. Pembeni mwa uvimbe kulikuwa na kipande kidogo cha ini zima lisilo na saratani, na ndani yake mrija wa nyongo. Mrija wa nyongo, kwa mtu yeyote yule, umejaa kadherini, na ukichemshwa sawasawa lazima utoke kahawia, uwe wa mgonjwa au wa mzima. Huu ulikuwa mweupe pe. Sufuria haiwezi kuivisha shahidi ikaacha mrija mbichi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliona hilo kama angetazama pembeni, na Mzee Dakika hakuwa mwanafunzi. Alikuwa ameliona, ameuliza mara mbili, na mara mbili alidanganywa machoni pake, juu ya uhai wake mwenyewe, na mtoto aliyemfundisha kushika kioo.

Aibu ya namna hiyo haikai moyoni tu, inaenea mwilini. Masikio yalimwaka. Mikono aliiona kama si yake. Nyumbani alikaa mezani na mumewe na wanawe, mwanawe mdogo akamweleza habari za shuleni, naye akaitikia kila neno bila kusikia hata moja. Mumewe aliuliza mara moja, akaambiwa ni kazi, akaendelea kula. Na unadhani alikuwa anawaza kuungama? Hata. Alikuwa anatunga. Aseme umeme ulikatika katikati ya kuchemsha na yeye hakujua. Aseme kingamwili, ile dawa inayoitafuta protini, ilikuwa imekwisha nguvu. Alichagua umeme. Ulikuwa unafaa: namba tisa anarudiwa, mzee anapasuliwa, na yeye anabaki fundi hodari aliyegundua hitilafu. Alilala na uongo huo amejifunika kama shuka.

Asubuhi alimkuta Daktari anaandika ripoti yake. Kabla hajakaa, Daktari akamgeuzia ukurasa wa kwanza amwonyeshe. Chini ya majina ya wakubwa, mwishoni kabisa, alikuwa ameandika jina lake kamili. Alisema haki yake, vioo kama vile havijileti vyenyewe.

Chapchap akaanza hadithi ya umeme. Aliisema yote, na Daktari alisikitika, ripoti yake ikimponyoka hivyo, lakini mara akamtuliza. Umeme ni tatizo la kila mtu, alisema, hilo si kosa lako, ni uaminifu mkubwa kuja kulisema. Uaminifu! Hapo ndipo ulimi ulipogoma. Kugombezwa kwa uongo angeweza kuvumilia. Kushukuriwa kwa uongo ule, tena na mtu aliyempenda, kulimshinda.

"Umeme haukukatika," alisema. "Niliitoa sufuria kabla ya wakati. Shahidi alitoka mweupe, nikamtupa. Uliyemwona ni wa wiki ya nyuma. Nilibadilisha tarehe."

Daktari hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alikwenda kukichukua kioo namba tisa, akakitazama, akasogea pembeni. Alikaa hapo kama mzee alivyokaa. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, kwamba mrija ule hata yeye alipaswa kuuona, na hakuuona kwa sababu alikuwa ameshapata alichokitaka. Akashika simu akampigia mpasuaji. Alimwambia mgonjwa namba tisa asiondolewe, kosa ni la maabara, si la ini la mtu.

Baada ya hapo alimpa Chapchap karatasi tupu aandike kwa mkono wake alichokifanya. Kamati itakaa baadaye, na kamati ikikaa itaamua itakavyoamua, pengine kibarua kitaota nyasi. Ila kwanza vioo virudiwe, vyote kumi na vinne, na Daktari mwenyewe atasimama kando ya sufuria na saa mkononi. Na ndivyo ilivyokuwa. Mafundi vijana walitazama sakafu. Mfagiaji alipiga deki akipita na tambara lake mbali na miguu ya Chapchap. Wao watatu walijua jambo moja ambalo halikuwamo kwenye karatasi. Chapchap alikuwa ameandika kwamba alisahau kubonyeza saa. Kwa nini alisahau, hakuandika.

Vioo vilitoka Jumamosi. Kumi na moja vilikuwa na kadherini, mstari mwembamba wa kahawia umezunguka kila seli kama wavu. Vitatu tu vilikuwa vyeupe kweli. Namba tisa ilikuwa ya kahawia, uvimbe na mrija pamoja, seli zimeshikana. Lakini nafasi ya Jumatatu ilikuwa imeshatolewa kwa mtu mwingine, naye huwezi kumtoa mtu mezani. Mzee Dakika akapewa Jumatatu iliyofuata. Walimlaza wodini wakampima tena, uvimbe ulikuwa umeongezeka kidogo. Umeongezeka lini, hakuna aliyeweza kusema, na mpasuaji alisema bado ataingia, ila atakata zaidi.

Wiki hiyo nzima Chapchap hakuwa na uso wa kwenda wodini. Kila saa za wageni zilipofika alikuta kazi ya kuosha chupa ambazo zilikuwa safi. Jumapili, siku moja kabla ya upasuaji, akapiga moyo konde, akaenda.

Mzee alikuwa kitandani, mto mgongoni. Kitanda cha pili alikuwapo bwana mmoja mwenye mkono wa plasta. Mkewe alikuwa anatoka kwenda kusuuza kikombe, akamwachia kiti chake. Chapchap hakukikalia.

"Mwalimu, nilikudanganya."

"Najua. Mrija wa nyongo hauna sababu ya kusema uongo."

Chapchap aliuliza kwa nini basi mzee alinyamaza. Mzee akamjibu kwamba alimpa hadi Ijumaa. Alitaka kuona kama katika mambo aliyomfundisha kuna lililobaki. "Na ungekaa kimya ningesema mwenyewe," aliongeza. "Sijafikia ujinga wa kufa ili wewe usione haya."

Kidogo Chapchap acheke. Alidhani yameisha hapo, amekaripiwa, amesamehewa nusu, anaweza kukaa. Lakini Mzee Dakika alikuwa fundi, na fundi hataki kujua tu kwamba kundi limeharibika, anataka kujua limeharibikia wapi.

"Saa ilikuwa wapi?"

"Shingoni mwangu."

"Shingoni, na hukuibonyeza." Aliliwaza hilo. "Hilo silielewi. Ulikuwa unafanya nini?"

Uongo ulikuja mara moja, tayari umevaa viatu: simu, mtoto mgonjwa, chochote. Chapchap akauangalia ukipita.

"Nilikuwa nakuigiza, Mwalimu. Unavyotembea. Unavyosema."

Mama alikuwa amerudi, amesimama mlangoni na kikombe kinachotiririka maji. Mzee hakumtazama, alikuwa anatazama dari.

"Walicheka?"

"Walicheka."

"Sana?"

"Mfagiaji alikalia ndoo."

Mzee akaonyesha kwa kidole ile nafasi ya sakafu kati ya vitanda viwili, akasema, nionyeshe.

Chapchap alimwomba asimfanyie hivyo. Alisema samahani, akasema tena, akamtazama mama ili amsaidie, na mama akaendelea kusimama na kikombe chake. Kidole hakikushuka. Basi akaweka mkoba chini, akajikunja mgongo, akatembea. Alichechemea hadi dirishani, akainusa sufuria isiyokuwapo, akainua kidole. Sauti ya puani haikutoka, ilitoka sauti yake tu, ikasema dakika haina ndugu, mwanangu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuyasikia kweli maneno hayo. Bwana wa plasta, asiyejua lolote, alicheka kwa nguvu.

Mzee Dakika hakucheka. Alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kwa makini, kama anavyotazama kioo.

"Mguu wenyewe ni wa kushoto," alisema. "Rudia."

Chapchap akageuka, akabadilisha mguu, akarudia, machozi yakimdondokea kifuani, na mzee akahesabu hatua kwa sauti ya chini hadi kengele ya wageni ilipolia.